Orodha ya Vitu Visivyotakiwa: Kutoka grep Hadi VS Code

Leo sitawaonyesha jinsi ya kusanidi kitu chochote. Leo ni historia. Lakini kabla hatujarudi nyuma miaka hamsini, wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifanya nianze kuchimba.

Mwaka juzi nilikuwa natunza duka la mtandaoni la mama mmoja wa Nakuru anayeuza vifaa vya ujenzi kwa jumla. Yeye na mshirika wake wa biashara walikuwa wametengana, na hawakutengana vizuri. Paybill ya zamani ilibaki mikononi mwa yule mshirika, mama akafungua mpya. Kazi yangu ilikuwa ya dakika kumi: toa nambari ya zamani kila mahali ilipo, weka mpya. Nikafungua VS Code, nikaandika nambari ile kwenye kisanduku cha kutafuta, zikatokea faili mbili. Nikazibadilisha. Nikatafuta tena ili kuhakikisha. Hakuna matokeo. Ijumaa jioni nikapakia kila kitu kwenye seva, nikaenda zangu kula nyama.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. "Kijana wangu, wateja wananiambia wamelipa, na mimi kwa simu sioni kitu."

Barua pepe za ankara zilikuwa bado zinawaambia wateja walipe kwa nambari ya zamani. Wateja tisa walikuwa wameshatii. Nambari ilikuwepo ndani ya mradi wakati wote, folda ile ile niliyotafuta. Kihariri hakikuwa na hitilafu. Kilikuwa kimeamua tu, bila kuniuliza, kwamba faili fulani hazinihusu. Sasa ni nani alikifundisha kuamua hivyo?

(Neno moja kabla hatujaendelea: hapa naandika "msimbo", kwa sababu nikiandika "kodi" nusu ya wasomaji watafikiri nazungumzia KRA.)

Turudi mwaka 1973, maabara za Bell, New Jersey, Marekani. Ken Thompson alikuwa na kihariri alichokiandika mwenyewe kiitwacho ed. Ndani ya ed kulikuwa na amri iliyoandikwa g/re/p, yaani pitia maandishi yote, na kila mstari unaolingana na ruwaza hii, uchape. Mwenzake Lee McMahon alikuwa anachunguza The Federalist Papers, makala 85 za miaka ya 1787 na 1788 ambazo waandishi wake watatu walijificha nyuma ya jina moja la bandia, naye alitaka kujua nani aliandika ipi. Makala zote kwa pamoja zilikuwa nzito mno kwa ed kwenye mashine za siku hizo. Basi Thompson aking'oa kile kipande cha kutafuta kutoka ndani ya kihariri, akakifanya programu inayojitegemea, na jina likabaki lile lile la amri: grep.

Angalieni jambo moja hapo. grep ya mwaka 1973 haikuwa na njia ya kuacha faili nje, na haikuihitaji. Ilisoma faili ulizoitajia kwa majina, basi. Kama hukutaka faili fulani ipekuliwe, hukuitaja. Uamuzi wote ulikuwa kwenye vidole vyako. Ukiandika *.c umeomba faili za lugha ya C za folda hiyo, na usipopata kitu unajua umetafuta wapi na hukutafuta wapi.

Shida ilianza miradi ilipokua na kuwa na folda ndani ya folda. Watu wakawa wanaunganisha find na grep: find inatembea kwenye mti mzima wa folda, inamkabidhi grep kila inachokutana nacho. Na mti wa mradi una takataka zake. Kuna faili za .o zinazoachwa na kompaila, kuna nakala za akiba zinazoishia na alama ya ~ ambazo Emacs huziacha kila mahali, kuna programu zenyewe zilizokamilika. Ukiwahi kumwaga faili ya mashine kwenye terminali unajua: herufi zinageuka vichekesho, tarakilishi inalia pii pii, na wakati mwingine hata ukiandika ls huelewi kilichorudi. find ilikuwa na dawa yake, ikiitwa -prune, lakini kuiandika sawasawa ni kama kufunga tai ya harusi ya mtu mwingine:

find . -name CVS -prune -o -type f -print | xargs grep nambari

Mimi nimesoma sayansi ya kompyuta miaka minne na bado hiyo -o hunifanya nisimame kidogo. Baadaye GNU grep ikapata -r ya kutembea yenyewe kwenye folda, halafu katika miaka ya 2000 ikapata --exclude-dir. Lakini zote hizo ni za kuandika upya kila unapotafuta. Hakuna kilichokumbukwa.

Orodha inayokumbukwa ilitoka kwingine kabisa, na hapa ndipo naomba mtulie kidogo, maana mambo yote yaliyonipata Nakuru yanatokana na hili.

Mwaka 1986 Dick Grune, mwalimu wa chuo kikuu huko Amsterdam, Uholanzi, aliandika skripti za kumsaidia yeye na wanafunzi wake kufanya kazi kwenye msimbo mmoja bila kusubiriana. Mwaka 1989 Brian Berliner akauandika upya mfumo huo kwa lugha ya C, na CVS ikawa ndiyo namna dunia ya programu huria ilivyotunza matoleo ya msimbo wake kwa zaidi ya miaka kumi. CVS ilikuwa na usumbufu wake: kila ulipoiuliza hali ya mambo, ilikuorodheshea kila faili isiyoijua. Umekompaili mradi? Faili mia za .o, na kila moja CVS inaipigia kelele. Ndipo ikaja na orodha ya vitu vya kupuuza. Ndani yake kulikuwa na *.o, *.a, *.so, *.exe, *.bak, *~, hata core, ile faili inayoachwa programu inapoanguka. Ukitaka kuongeza vyako unaviandika kwenye faili iitwayo .cvsignore. Na ukiandika alama ya ! peke yake, orodha yote iliyotangulia inafutwa, unaanza upya.

Sasa, orodha hiyo ilikuwa inajibu swali gani? Swali lilikuwa: faili zipi nisisumbuliwe nazo ninapohifadhi kazi yangu kwenye hazina? Halikuhusu kutafuta hata kidogo. Unaweza kuwa na faili usiyotaka kuihifadhi kabisa lakini unataka kuipekua kila siku. Faili ya kumbukumbu za seva ni hivyo. Faili ya siri zako ni hivyo. Maswali mawili tofauti, na kwa miaka ishirini hivi yalibaki tofauti.

Mwaka 2000 kazi ya kutengeneza Subversion ilianza, ili ichukue nafasi ya CVS. Mimi nilikuwa bado nacheza bano wakati huo, lakini bosi wangu wa kwanza hapa Nairobi aliishi enzi hizo na bado alikuwa anazilalamikia tulipokuwa tukinywa chai. Subversion iliweka folda ya .svn ndani ya kila folda ya mradi, na ndani yake ikaweka nakala safi ya kila faili. Ni wazo zuri, maana uliweza kulinganisha mabadiliko yako bila kwenda kwenye seva, na intaneti ya wakati ule mnaikumbuka. Lakini ukitafuta neno kwa grep -r, kila jibu linakuja mara mbili: mara moja kwenye faili yako, mara ya pili kwenye nakala yake ndani ya .svn/text-base. Mbaya zaidi ni ukitafuta na kubadilisha kwa pamoja. Jamaa anabadilisha neno kwenye mradi mzima, anabadilisha na zile nakala, na Subversion inachanganyikiwa mpaka unafuta folda yote na kuichukua upya. Toleo la 1.7 la mwaka 2011 ndilo lililoondoa folda hizo zilizotapakaa, ikabaki .svn moja juu kabisa.

Uchungu huo ndio uliozaa ack. Mwaka 2005 Andy Lester, mtu wa Perl, alitoa programu ya kutafuta iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa msimbo peke yao. Bila kuambiwa, ack iliruka .svn, ikaruka CVS, ikaruka nakala za akiba. Matoleo yake ya kwanza yalikuwa makali zaidi ya hapo: yalisoma tu faili za aina zinazotambulika, za Perl, C, PHP na kadhalika, na nyingine zote yakaziacha mpaka uombe kwa -a. Kwenye sababu zake za kukushawishi, Lester aliweka moja ya utani: jina la ack lina herufi pungufu kwa asilimia 25 kuliko grep.

Mimi nadhani hapo ndipo zamu ilipobadilika. Kabla ya ack, chombo kilitafuta kila kitu ulichokitajia, na kazi ya kuondoa ilikuwa yako. Baada ya ack, chombo kinaondoa kwanza, na kazi ya kurudisha ni yako. Ilikuwa raha, sikatai. Lakini ack angalau ilikuwa na orodha yake yenyewe, iliyoandikwa na mtu aliyekuwa anafikiria kutafuta.

Mwaka huo huo wa 2005, mwezi Aprili, Linus Torvalds alianza Git. Mtoto wa .cvsignore akazaliwa humo kwa jina la .gitignore, na ile alama ya ! ikarithiwa ikiwa na kazi mpya: kurudisha ndani kitu ambacho mstari wa juu umekitoa. Swali lilikuwa lile lile la CVS, nini nisihifadhi. Tena Git ilikuja na chombo chake cha kutafuta, git grep, na hicho hakikuhitaji orodha ya kupuuza. Kinapekua tu faili ambazo Git inazitunza. Kama Git haiitunzi, haimo. Napenda unyoofu wake.

Kisha mwaka 2011 Geoff Greer akatoa The Silver Searcher, ambayo unaiita kwa kuandika ag, alama ya kemia ya fedha. Iliandikwa kwa C na iliiacha ack mbali sana kwa kasi. Na ag ikafanya jambo dogo ambalo watu wengi walilipokea bila kufikiria mara mbili: ikasoma .gitignore yako, ikaruka kila kilichomo. Maswali mawili yakaozwa siku hiyo, na sidhani kuna aliyewauliza wazazi.

Nisiwe mchoyo, kulikuwa na sababu. Mwaka 2010 npm ilikuwa imekuja, na pamoja nayo folda ya node_modules. Nyinyi mnaoandika JavaScript hamhitaji kuelezwa. Unaomba maktaba moja, inakuja na ndugu, binamu na majirani, na mradi wako wa faili arobaini unabeba maelfu ya faili za watu usiowajua. Weka juu yake zile faili za .min.js ambamo programu nzima imebanwa kwenye mstari mmoja. Ukipata jibu humo, mstari huo mmoja unajaza kioo mara kumi. Tarakilishi yangu ya kwanza chuoni ilikuwa na RAM ya giga 2, na kutafuta neno "user" kwenye mradi wa Node kulinipa muda wa kwenda kununua mandazi na kurudi. Kila mtu alikuwa ameshaandika node_modules kwenye .gitignore yake. Orodha ipo, imeandikwa tayari, kwa nini usiitumie?

Vihariri vyenyewe navyo vilikuwa na njia zao. Emacs 22 ya mwaka 2007 ilikuwa na rgrep, yenye orodha ndefu ya folda za kuruka: SCCS, RCS, CVS na wenzao. Sublime Text, iliyotoka mwaka 2008, ilinifurahisha zaidi kwa kutenganisha mambo ambayo wengine wanayachanganya. Ukiweka folda kwenye folder_exclude_patterns, inapotea kabisa, hata kwenye orodha ya pembeni. Ukiweka faili kwenye binary_file_patterns, inaendelea kuonekana pembeni lakini haitafutwi. Na ukiwa unatafuta mara moja tu, unaandika -*.min.js kwenye kisanduku cha mahali pa kutafuta, ile alama ya kutoa mbele. Watu wengi wametumia Sublime miaka mitano bila kujua hiyo.

VS Code ilitangazwa Aprili 2015 nayo ikachukua njia ya orodha mbili: files.exclude kwa visivyoonekana, search.exclude kwa visivyotafutwa, na ya pili inarithi ya kwanza. Kwenye search.exclude ilikuja na node_modules na bower_components. Kwenye files.exclude, kwa miaka mingi, ilikuja na .git, .svn, .hg na CVS. Ndiyo, CVS ya mwalimu Grune, ndani ya kihariri kilichotengenezwa kwa TypeScript, mbele ya vijana ambao hawajawahi kuiona kwa macho.

Kipande cha mwisho kilikuja Septemba 2016, Andrew Gallant alipotoa ripgrep, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust. Gallant aliandika makala ndefu ya vipimo, na ndani yake alionyesha kwamba ag haikuwa inaielewa .gitignore vizuri, hasa zile alama za !. Yeye aliifuata sheria kwa makini zaidi. Machi 2017 VS Code ikachukua ripgrep na kuifanya injini yake ya kutafuta, na siku hizi mpangilio wa search.useIgnoreFiles unakuja ukiwa umeshawashwa. Unapobonyeza Ctrl+Shift+F, unaendesha ripgrep, na ripgrep inasoma .gitignore yako.

Na kuna mtego hapo ambao hata wazoefu huwanasa. Kwa Git yenyewe, faili ikishaanza kutunzwa, .gitignore haiigusi tena. Inaendelea kutunzwa hata kama ruwaza inailenga. ripgrep haiulizi Git inatunza nini. Inasoma .gitignore peke yake. Kwa hiyo unaweza kuwa na faili halali kabisa, inayotunzwa na timu yote, ambayo utafutaji wako hauioni. Ukijumlisha na tabia yetu ya kunakili .gitignore za watu kutoka mtandaoni, mistari mia mbili ambayo hatujaisoma, mnaona tunakoelekea.

Turudi basi Nakuru. Duka la mama lilikuwa limeandikwa kwa Laravel. Mradi wa Laravel unakuja na .gitignore inayoitaja .env, faili ya mipangilio na siri, na ni sawa kabisa, hakuna anayetaka siri zake ziende GitHub. Unakuja pia na folda ya bootstrap/cache yenye .gitignore yake ndogo ya mistari miwili: nyota, halafu !.gitignore. Maana yake: puuza kila kitu humu isipokuwa mimi. Aliyekuwa anashughulikia duka kabla yangu aliiweka paybill ya barua pepe kwenye .env, mahali ambapo mtu mwangalifu angeiweka. Mimi nilikuwa na nakala ya .env hiyo kwenye tarakilishi yangu, ndani ya folda niliyokuwa naitafuta.

Siku hiyo ya Jumatatu niliingia kwenye seva kwa haraka. Hakukuwa na ripgrep, hakukuwa na kihariri chochote cha maana. Nikaandika grep -rn na nambari. Ikanimwagia takataka: mistari na mistari kutoka faili ya kumbukumbu, ankara za tangu mwaka uliopita. Katikati ya hizo, .env. Nikaibadilisha, nikajaribu ankara moja, bado nambari ya zamani. Nikarudi kwenye takataka nikasoma polepole, nikaiona nyingine: bootstrap/cache/config.php, ambamo Laravel ilikuwa imeigandisha mipangilio yote ili isome haraka. Nikaifuta ile akiba, ankara ikatoka safi. Saa tano kasorobo.

Tangu hapo, ninapotafuta kitu ambacho lazima kisibaki hata kimoja, nambari ya malipo, nywila, anwani ya seva, situmii kisanduku kilivyo. Ndani ya kisanduku cha faili za kuacha nje, VS Code ina kitufe kidogo chenye kitabu na gia. Ukikizima, orodha zote zinawekwa kando. Kwenye terminali ni rg -u ili isisome faili za kupuuza, -uu iongeze na zilizofichwa, -uuu iongeze na za mashine. Na kama hujui ni kwa nini faili fulani haionekani, git check-ignore -v ikifuatwa na jina la faili inakuambia ni mstari wa ngapi, wa .gitignore ipi, uliokuficha. Amri hiyo ipo tangu mwaka 2013, na mimi niliijua siku hiyo ya Jumatatu.

Kuhusu pesa: mama alimpigia mshirika wake wa zamani, mara ya kwanza kuongea tangu watengane. Malipo ya wateja saba yalirudi ndani ya wiki mbili. Ya wawili yule bwana alidai yalikuwa deni lake la zamani, na hayo nililipa mimi.